Mche mpya wa mgomba: kuukinga na wadudu, maradhi na baridi, Unguja na Pemba

Maradhi mazito ya mgomba hayana dawa. Ugonjwa wa Panama, yaani mnyauko fuzari, ukishaingia kondeni hukaa ndani ya udongo miaka 20 na zaidi. Mgomba ulioshikwa na virusi haurudi kuwa mzima. Fukusi naye, yule mdudu mweusi wa mgomba, akishatoboa tunguu, yaani kitako kinene cha mgomba kilichomo ardhini, dawa ya kupuliza haimfikii aliko. Ndiyo maana kazi kubwa ya ulinzi huangukia siku ya kununua na siku chache zinazofuata, mche ukiwa bado haujafukiwa. Anayefukia kwanza na kukagua baadaye huwa ameshachelewa.

Visiwa vyetu vina sababu ya kuwa makini zaidi. Sigatoka nyeusi, ile inayounguza majani kwa michirizi myeusi, ilitambuliwa Pemba mwaka 1987, na hapo ndipo ilipoonekana kwanza katika Afrika Mashariki. Aina kali ya mnyauko fuzari ilithibitishwa kaskazini ya Msumbiji mwaka 2013, na Mayotte mwaka 2019. Bahari iliyopo baina yetu na huko inapitika kwa jahazi na kwa boti, na maradhi haya husafiri ndani ya chipukizi moja tu, au ndani ya udongo ulioganda kwenye soli ya kiatu.

Wapi pa kununua

Chipukizi la jirani unayemjua, ambaye konde lake umelikagua mwenyewe, ni bora kuliko chipukizi zuri kwa macho lisilojulikana lilikotoka. Usiangalie chipukizi peke yake. Tembea konde zima. Ukikuta migomba iliyoanguka na mikungu yake, mizizi ikiwa imekatika au tunguu limevunjika, hapo pana minyoo ya mizizi au fukusi. Ukikuta mgomba ambao majani yake ya chini yamegeuka manjano kuanzia ukingoni, yamevunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina, ondoka. Usichukue hata chipukizi la mgomba wa upande wa pili wa konde hilo.

Mwombe mwenye konde ang'oe chipukizi moja mbele yako. Pasua mizizi miwili mitatu kwa urefu kwa kisu: mzizi mzima ni mweupe ndani, na wenye minyoo una mabaka ya zambarau au mekundu meusi. Kata tunguu kidogo ubavuni. Vijia vyeusi vyenye ungaunga ni kazi ya funza wa fukusi. Nyuzi za kahawia au nyekundu ndani ya tunguu au shina ni dalili ya Panama. Chipukizi lenye vijia vichache linaweza kuchongwa na kuokolewa. Lenye nyuzi za kahawia haliokolewi kwa njia yoyote.

Chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, refu la nusu mita mpaka mita moja, tunguu lake nene kuliko shina. Yale yenye majani mapana tangu yakiwa mafupi yana tunguu dogo, hushika ardhi vibaya na huzaa mkungu mdogo.

Miche ya tishu, ile inayooteshwa maabara, haina fukusi wala minyoo inapotoka maabara. Lakini baada ya hapo hukuzwa kitaluni ndani ya vifuko vya udongo, na udongo ule ndio wa kuuliza: umechomwa au kuchemshwa, au umechotwa tu chini ya migomba? Mche mzuri una urefu wa sentimita 25 mpaka 30, majani matano au sita, na mizizi myeupe ukifunua kifuko. Achana na wenye majani ya mabaka mabaka au uliodumaa kuliko wenzake wa rika moja. Kasoro za maabara hazitoki kwa mbolea. Na mche wa tishu hauna kinga yoyote ya ziada. Ukiupanda palipojaa fukusi huliwa upesi kuliko chipukizi, kwa sababu tunguu lake ni dogo.

Machipukizi kutoka Bara, Kenya, Komoro au Msumbiji yasivushwe bila kibali cha kuingiza mimea na ukaguzi wa maofisa wa ulinzi wa mimea wa Wizara ya Kilimo. Kagera imepigwa na mnyauko wa bakteria, unaoitwa huko unyanjano. Kigoma imeripoti virusi vinavyosonganisha majani kileleni. Ukitaka aina ambayo haipatikani hapa, pitia kwa watafiti wa kilimo wa Kizimbani au bwana shamba wako, na uitafute kwa miche ya tishu.

Jambo moja linasahauliwa na wengi. Ndizi zinazovuka kutoka Bara mara nyingi hufunikwa kwa majani ya migomba na kufungwa kwa kamba za magome yake. Takataka hizo za sokoni zisigeuzwe matandazo kondeni kwako, hata ukipewa bure.

Njiani

Mche wa tishu uliopakiwa nyuma ya gari bila kifuniko kutoka Mwanakwerekwe mpaka Makunduchi hufika majani yamechanika na kukauka. Panga miche wima ndani ya makasha, mwagia maji kidogo kabla ya safari, funika kwa kitambaa chepesi, wala usifunike kwa nailoni juani. Machipukizi yatie ndani ya polo safi. Yachongwe pale pale yalipong'olewa, ili uchafu, udongo na mizizi vibaki kule vilikotoka.

Kuchonga na kuchemsha machipukizi

Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, na gharama yake ni kuni na kisu tu.

Kata shina la chipukizi libaki sentimita 10 mpaka 15 juu ya tunguu. Ondoa mizizi yote. Kisha menya tunguu pande zote, unene wa sentimita moja hivi, mpaka libaki jeupe tupu. Mayai ya fukusi hukaa karibu na ngozi ya tunguu, na minyoo hujificha kwenye mizizi na tabaka la juu, kwa hiyo kumenya peke yake kunaondoa sehemu kubwa. Ukiona kijia cheusi, kifuate kwa ncha ya kisu mpaka kiishe. Kikiingia hadi katikati, tupa chipukizi hilo. Maganda yafukie nusu mita chini au yachome moto. Yakiachwa juu ya ardhi, funza hukomaa humo humo.

Baada ya kumenya, chemsha. Tafuta sufuria kubwa au nusu pipa, maji yachemke kwa nguvu. Tia machipukizi matatu au manne kwenye polo lenye matundu au kipande cha wavu, yatumbukize yazame kabisa, na uyatoe baada ya sekunde 30. Usikisie, tumia saa. Chini ya hapo minyoo ya ndani haifi, na ukizidisha sana unaua kiini cha kuchipua. Acha maji yachemke tena kabla ya fungu la pili. Wanaokosea hukosea hapa: tumbukizo la tatu na la nne hufanywa kwenye maji yaliyokwisha kupoa, wakadhani machipukizi yao ni safi.

Yatandaze kivulini yapoe, juu ya sakafu au mkeka, mbali na migomba. Fukusi hutembea usiku na huvutwa na harufu ya tunguu lililokatwa karibuni, hivyo machipukizi yaliyochongwa yakilala usiku mmoja pembeni ya migomba ya zamani hutagiwa upya. Yapande ndani ya siku mbili tatu.

Maji ya moto yanaua minyoo, mayai na funza. Hayaui ugonjwa wa Panama wala virusi. Kwa hivyo ukaguzi wa konde la mwenye kuuza hauna mbadala.

Miche ya tishu: wiki mbili za uangalizi

Usiipande siku ile ile. Iweke chini ya kivuli cha makuti, juu ya meza ya mbao au miti, mbali na migomba mingine, kwa wiki mbili mpaka tatu. Mwagia asubuhi. Kila siku mbili fungua majani ya katikati na angalia chini ya makoa ya shina, yaani maganda yanayolizunguka: vidukari, wadudu wadogo wafyonzaji wa rangi ya kahawia nyeusi, hujificha hapo, na mara nyingi sisimizi wanaopanda na kushuka ndio wanaokuonesha. Vioshe kwa maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji katika lita mbili, ukimimina mpaka ndani ya makoa. Kidukari kimoja chenye virusi kinatosha kuambukiza mgomba.

Wiki ya mwisho punguza kivuli kidogo kidogo, miche izoee jua. Ikitolewa ghafla kwenye jua la kaskazi, majani yake huungua yakawa meupe, na mwenye miche hudhani ni ugonjwa.

Shimo na udongo

Kinongo, yaani udongo mwekundu wa katikati ya Unguja na mabonde ya Pemba, hufaa sana. Kwenye mchanga mgomba unawezekana kwa samadi nyingi na matandazo mazito, lakini minyoo hustawi zaidi huko. Kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, cha bondeni kinachotuamisha maji hakifai bila mifereji, maana mizizi huanza kufa maji yakisimama siku mbili. Kwenye ardhi ya mawe ya upande wa mashariki, panda katika vishimo vyenye udongo wa kina tu. Pahali palipong'olewa migomba yenye minyoo au fukusi papumzike angalau mwaka mmoja kwa muhogo, viazi vitamu au kunde. Palipokufa mgomba kwa Panama pasahauliwe kabisa kwa migomba ya kisukari na bokoboko.

Chimba sentimita 60 kwa 60, kina 60, wiki mbili au tatu kabla. Weka udongo wa juu kando na wa chini kando. Changanya udongo wa juu na debe moja mpaka mawili ya samadi iliyooza sawasawa, isiyo moto wala harufu kali. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga. Ongeza gramu 60 mpaka 100 za unga wa mbegu za mwarobaini zilizokaushwa kivulini na kutwangwa. Unga huu hupunguza fukusi na minyoo, na urudiwe kila baada ya miezi minne kuzunguka shina. Mwarobaini umejaa mitaani kwetu, na mbegu zake huokotwa bure.

Nafasi iwe mita 3 kwa 3, sawa na mashimo karibu 450 kwa eka. Kubananisha kunaleta unyevu wa kudumu majanini, na huo ndio unaoikuza sigatoka. Panda mche wa tishu sentimita chache chini zaidi ya ulivyokuwa kwenye kifuko, chipukizi lizame sentimita 20 hivi, kandamiza udongo kwa mguu, kisha mwagia lita 10.

Tandaza makumbi ya nazi au majani makavu unene wa sentimita 10, ukiacha shubiri moja na nusu wazi kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina, fukusi hupata kivuli na njia ya kufika bila kuonekana. Mche wa tishu uwekewe makuti mawili matatu upande wa magharibi kwa wiki mbili za mwanzo. Mvua isiponyesha, lita 5 kila baada ya siku moja kwa mwezi wa kwanza zinatosha kwenye kinongo. Kwenye mchanga mwagia kidogo kidogo kila siku.

Baridi, kusi na maji ya masika

Mgomba hupenda nyuzi 26 mpaka 30. Chini ya 16 majani mapya hukaribia kusimama, na barafu ya alfajiri huua majani yote. Hofu hiyo ni ya nyanda za juu kama Njombe. Hapa usiku wa Julai hubaki kwenye nyuzi 20 na ziada, hivyo usifunike miche kwa mablanketi wala nailoni; nailoni huleta ukungu na kuoza kwa kiini. Kinachoonekana ni kwamba mche wa Juni hukua polepole kuliko wa Novemba, na hilo lisikutishe wala kukufanya uumwagie mbolea kupita kiasi.

Kinachouma wakati wa kipupwe ni upepo. Kusi huchana majani mapya, hukausha miche laini ya tishu na kuitikisa mpaka mizizi ilegee. Upande wa Paje, Jambiani na Makunduchi huongeza chumvi ya bahari, inayobabua kingo za majani. Jenga ukuta mdogo wa makuti wenye kimo cha mita moja, upande wa kusini mashariki wa kila mche au wa mstari mzima, uachwe mpaka Septemba. Kwa kinga ya kudumu panda mistari ya miti ya mgirisidia mita 3 kutoka migomba ya mwisho, na ipogolewe ili isiibe mwanga.

Manjano ya majani ya chini yanayoonekana Mei na watu kuyaita baridi huwa ni ya mvua: ama maji yametuama, ama rutuba imesombwa. Fungua mfereji kwanza. Maji yakishaondoka, weka gramu 50 za urea kwa kila mche, duara la sentimita 30 kutoka shinani, juu ya udongo wenye unyevu. Ukianza na urea mizizi ikiwa majini, hutoona faida yoyote.

Wakati mzuri zaidi wa kupanda ni mvua za mwanzo za masika, mwezi wa Machi. Vuli nayo inafaa kwa mwenye uhakika wa maji mpaka kaskazi ipite.

Ukaguzi wa miezi sita ya mwanzo

Kwa fukusi, weka mitego. Chukua shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, kipande cha sentimita 30 mpaka 50, lipasue katikati kwa urefu na ulaze upande uliokatwa chini, karibu na mche. Rudi baada ya siku tatu asubuhi, geuza, na uwaue fukusi weusi wa takriban sentimita moja utakaowakuta. Hujifanya wamekufa ukiwagusa. Kipande kisikae zaidi ya wiki. Kikiachwa kikaoza, mayai yaliyotagwa humo huanguliwa na mtego unakuwa kitalu cha fukusi. Migomba ya mkono wa tembo na mzuzu ndiyo inayoliwa zaidi na fukusi, kwa hiyo mitego yake iwe mingi. Fukusi huishi mpaka miaka miwili na kila jike huendelea kutaga, hivyo kazi hii ni ya kudumu.

Kwa sigatoka, tazama chini ya jani: vijistari vya kahawia vya milimita moja au mbili, vinavyokuwa vyeusi na kuungana. Kata sehemu iliyokauka tu, sehemu ya kijani ibaki, kisha lilaze jani lililokatwa, upande wake wa juu ukielekea chini. Mche mchanga hauuliwi na sigatoka. Hasara huja wakati wa kutoa mkungu, na unahitaji majani mazima nane hivi siku ya kuchanua ili ndizi zijae.

Jani jipya likitoka jembamba, fupi, limesimama wima, ukingo manjano, na mistari ya kijani iliyokoza kama nukta na vistari kwenye mishipa, simama hapo hapo. Huo ni ugonjwa wa virusi vya majani kusongamana. Usiutikise mche. Umwagie kwanza maji ya sabuni au mafuta ya taa ndani ya kiini ili vidukari vife hapo hapo. Ukiukata vikiwa hai vitahamia migomba mingine. Baadaye ng'oa tunguu lote, ukatekate, kausha na uchome.

Konokono wakubwa hutafuna jani laini usiku wa masika. Waokote kwa tochi. Mbuzi na ng'ombe wa kamba humaliza safu nzima kwa asubuhi moja, na hao dawa yao ni ua tu.

Panga na visu ndivyo vinavyohamisha maradhi kutoka mgomba hadi mgomba. Viweke juu ya moto mpaka viwe moto wa kutoshikika, au vioshe kwa jiki iliyochanganywa kikombe kimoja na maji vikombe vitano, kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Mfanyakazi anayekuja na panga lake kutoka konde jingine apewe panga la hapo hapo.

Ukikata mgomba na baada ya dakika chache ukatoka ute wa manjano kama usaha, au ndizi zikaiva kabla ya wakati huku ndani ni kahawia, huo ni mnyauko wa bakteria. Usihamishe kitu chochote cha mgomba huo. Zungushia kamba, zuia watu na mifugo, mjulishe sheha na bwana shamba siku hiyo hiyo, na fanya vivyo hivyo kwa mche wenye nyuzi za kahawia za Panama. Viatu vilivyoingia hapo vioshwe udongo wote, kisha vipakwe jiki, kabla ya kukanyaga sehemu nyingine ya konde.